Damu ya Waliofunga

Siku ya nne ya mfungo, damu ya Naetwe ilisomeka kuwa ya kawaida kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Aliitazama namba kwenye kioo cha Mizani. Mia na moja. Akakifuta kioo kwa mkono wa koti lake jeupe, ingawa hakikuwa na vumbi, akatazama tena. Mia na moja.

Kila asubuhi kabla ya wagonjwa kuingia, msaidizi wa maabara wa Zahanati ya Kirongwe Mpya hujichoma kidole na kuipa mashine tone lake mwenyewe, kuhakikisha imeamka vizuri. Na kila asubuhi Mizani ilimpa Naetwe jibu lile lile: mia na thelathini na nane, au saba, au tisa. Juu ya kawaida. Hakuwa peke yake. Karibu kila mtu mzima mwenye afya pale milimani alisomeka juu ya kawaida, ikawa fahari ya mji. Vijana waliokwenda kufanya kazi tambarare walitamba huko kwamba wao wana damu ya milimani. Hata kwenye kibao cha kuingilia mjini palikuwa pameandikwa: KARIBU KIRONGWE MPYA, MJI WENYE DAMU BORA.

"Leo nimekuwa mtu wa kawaida," Naetwe alijisemea. "Kwa nini leo?"

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na minne alipiga deki maabara hii; miaka miwili iliyopita alimaliza ngazi ya kwanza ya masomo ya jioni, akapewa koti. Bado alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo wenzake waliosoma mapema waliona aibu kuyauliza.

Mizani haikupima uzito. Ilidondosha rangi ya buluu ndani ya tone la damu, ikangoja, kisha ikahesabu ni rangi kiasi gani imebebwa na kiasi gani imebaki ikielea. Kinachobeba ni protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Mwalimu wa darasa la jioni aliwaambia waifikirie kama wapagazi wanaoteremsha magunia ya tangawizi mlimani. Dawa ikiingia kwenye damu, sehemu kubwa hupanda mgongoni mwa wapagazi hao, na ikiwa mgongoni haifanyi kitu. Ile isiyopata mbebaji ndiyo inayofika kwenye ubongo na kufanya kazi. Mashine ikishajua wapagazi wa mtu wana nafasi kiasi gani, huamua dawa itolewe kiasi gani, kisha huipeleka amri kwenye kibweta, kidude cha ukubwa wa punje ya maharage kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mkono. Kirongwe Mpya hapakuwa tena na mtu wa kusahau kidonge.

Naetwe akafungua ukurasa wa kaka yake, Elinaja. Uwezo wa kubeba: themanini na nne. Kuanzia themanini, Mizani huandika neno SAWA, na neno hilo lilikuwa pale kwa rangi ya kijani. Chini yake: *Dawa ya kifafa katika damu, pungufu. Ongezeko la nne: leo, saa nane mchana.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo asubuhi.

*

Elinaja alilazwa kitanda cha dirishani. Homa ya ini aliyoipata ujanani ilikuwa imelila ini lake polepole kwa miaka ishirini, na kifafa kilimwanza mwaka alioanguka kutoka kwenye paa la kanisa akifunga nyavu za kukinga maji ya ukungu. Tumbo lilikuwa limejaa, na ngozi ilikuwa na manjano ya boga bivu. Alikuwa amelala, na usingizi wake haukuwa wa kupumzika.

Mkewe, Nakunda, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimpaka mafuta miguuni.

"Amesema kitu, wifi?"

"Alfajiri aliniita mama. Nikamwambia, mama yako yuko kaburini, mimi ni Nakunda, mkeo, uliyenitolea ng'ombe wanne, mmoja chongo. Hata hakucheka."

"Usingizi huu ulianza lini hasa?"

"Si unajua? Wiki tatu."

"Siku gani?"

Nakunda aliacha kupaka. "Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi mashine ilimwongezea dawa, jioni akawa anapepesuka, mtu ambaye hata pombe ya harusini haonji. Kesho yake akasema ananiona niko wawili. Nikamwambia afadhali, mmoja apike, mwingine apumzike."

"Halafu?"

"Halafu akatulia kidogo. Kisha Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile, na..." Alimtazama Naetwe. "Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, wifi."

"Una nini? Usinifiche. Sura yako nimeizoea, ukiwa na jambo unatafuna shavu."

Naetwe aliacha kutafuna shavu. Akasema atarudi.

*

Daktari Mbazi alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye subira. Alimsikiliza Naetwe akiwa ameshika kikombe cha chai, na alipofika katikati ya maelezo alikiweka mezani.

"Rudia hapo, mama. Siku mashine ilipofika."

"Miaka mitatu iliyopita," Naetwe alisema. "Mafundi walisema Mizani haijui mtu wa kawaida ni yupi, lazima ifundishwe. Wakataka watu thelathini wenye afya. Kikundi chetu cha maombi tukajitolea, wote. Maelekezo yalisema tuje bila kula tangu usiku."

"Hiyo ni sahihi."

"Lakini ilikuwa Kwaresima, Daktari. Tulikuwa na siku tatu hatujala, tunakunywa maji tu. Mama Eliwaza, kiongozi wetu, akasema: wanaomba usiku mmoja, sisi tunazo siku tatu, tutawapa iliyo safi zaidi. Tulikuja hapa tunaimba. Mimi nilishika ndoo yangu ya deki mkono mmoja na mwingine nikautoa wachome."

Daktari alisogeza kikombe kando.

"Mwili usiopata chakula siku tatu," alisema taratibu, "huyeyusha mafuta yake wenyewe. Na mafuta hayo husafiri kwenye damu juu ya—"

"Albumini. Tulisoma wiki iliyopita." Naetwe alijikuta amesimama. "Kwa hiyo wapagazi wetu walikuwa wamebeba mizigo tayari. Mashine ikawatazama ikasema, aha, mpagazi wa kawaida ndiye huyu. Ndiyo sababu tukila tunasomeka mia na thelathini na kitu. Hatuna damu bora, Daktari. Tumeshiba tu. Leo nina siku ya nne ya mfungo, na leo ndiyo nimekuwa mia."

"Na mgonjwa wa ini..."

"Ini lake linatengeneza wapagazi wachache. Hao wachache, wengine wameharibika migongo, na wengine wamejazwa uchafu wa manjano ambao ini lilipaswa kuutoa. Lakini mashine haioni tofauti, kwa sababu kaka yangu anafanana na sisi tulivyokuwa na njaa."

Daktari alichukua kalamu. "Themanini na nne, ukiilinganisha na mia na thelathini na nane..."

"Sitini na moja katika mia. Nimepiga hesabu mara mbili."

Wote wawili waliitazama ile namba kwenye karatasi. Kwa mtu wa sitini na moja, Mizani isingeongeza dawa, ingepunguza. Jumla ya dawa katika damu ya Elinaja ilionekana ndogo kwa sababu wabebaji walikuwa wachache, lakini ile iliyokuwa ikizunguka bila mbebaji, ile inayofika kwenye ubongo, huenda ilikuwa imezidi mara mbili.

"Mimi nilidhani ni ini lenyewe," Daktari alisema. "Ini likishindwa kuchuja, sumu hupanda kichwani, mtu hulala hivi hivi. Na bado huenda ndivyo, mama. Sikufichi. Nikipunguza dawa na nikawa nimekosea, kifafa kikimkamata katika hali hii hataamka."

"Hakuna kipimo cha ile dawa isiyobebwa?"

"Kipo huko tambarare. Majibu siku nne." Akafungua kitabu cha kanuni kwenye kioo chake. "Kuipinga Mizani naruhusiwa kwa njia moja tu. Watu wawili kutoka orodha ile ya kwanza, kila mmoja apimwe katika hali ya siku ile, yaani njaa ya siku kadhaa, kisha apimwe ameshiba, siku ile ile, mashine ile ile. Wote wawili wakipanda sawasawa, kosa ni la mashine."

"Akila, anapanda baada ya muda gani?"

"Mafuta hupungua kwenye damu haraka. Saa mbili zinatosha."

Naetwe alihesabu. Kati ya wale thelathini, waliofunga mara hii walikuwa kumi. Wanane walikuwa ng'ambo ya bonde kwenye maombi ya wiki nzima. Kwenda na kurudi ni hadi jioni. Waliobaki karibu walikuwa yeye na Mama Eliwaza.

"Si lazima umweleze mambo yote," Daktari alisema kwa upole, kama aliyesoma mawazo yake. "Mwambie tu tunahitaji damu yake."

Mume wa Mama Eliwaza alikuwa amefariki mwaka uliopita, kitanda kile kile cha dirishani. Ini. Alikuwa na kibweta mkononi cha dawa ya kifafa, na wiki zake za mwisho alilala, akaendelea kulala.

*

"Ule?" Nakunda alisema. "Ule nini?"

"Uji. Na viazi."

"Naetwe, ulisimama mbele ya kanisa. Ulisema hutatia chakula kinywani mpaka Jumapili, kwa ajili ya huyu." Alimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Watu kumi wanamshikilia kwa njaa yao. Wewe dada yake wa tumbo moja ndiye utakayeachia?"

"Sikuahidi ili niwe na njaa, wifi. Niliahidi ili apone."

"Na ukila, halafu saa kumi akafa, utaniambia nini mimi?"

Naetwe alitafuna shavu. Swali hilo lilikuwa limeshamjia akiwa kwenye korido.

"Nitakuambia nilikula," alisema hatimaye. "Sitasema uongo. Utanichukia, na nitakuwa hapa unichukie karibu."

Nakunda alirudi kupaka mafuta, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Baadaye akasema bila kugeuka, "Viazi viko kwenye kapu langu. Nilichemsha kwa ajili yake. Havili."

Naetwe alibeba sahani hadi chumba cha kubadilishia nguo, akapiga magoti kati ya makoti.

"Bwana," alisema, "nilikuahidi Jumapili na leo ni Alhamisi. Sijui kama ninalivunja neno langu au ninalitimiza kwa njia nyingine, na sina muda wa kukaa nikajua. Nisaidie nile kwa imani kama nilivyofunga."

Kiazi cha kwanza kilimwia kigumu kumeza. Cha pili hakikuwa kigumu, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo.

*

Mama Eliwaza aliishi nyuma ya zahanati, nyumba yenye nyavu za ukungu juu ya paa zinazotiririsha maji kwenye pipa. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mnyoofu kama mlingoti, na sauti iliyozoea kunyamazisha kwaya nzima. Naetwe alimkuta akishona kitambaa cha madhabahu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mbona midomoni una chembe za kiazi?"

Naetwe alikuwa amepanga maneno njiani. Yakamtoka kichwani yote. Angeweza kusema mashine inahitaji kukaguliwa, na mwanamke huyu angeinuka, kwa kuwa hakuwahi kukataa kutoa. Lakini kumwomba mtu avunje nadhiri yake bila kumwambia sababu ilikuwa kama kumchukulia kitu chake akiwa amefumba macho kwa sala.

Kwa hiyo alimweleza. Alianza na namba ya asubuhi, akaja kwa wapagazi, akaja kwa siku tatu za Kwaresima. Sindano ya Mama Eliwaza iliendelea kupanda na kushuka, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikasimama katikati ya kitambaa.

"Ni mimi niliyesema tutawapa iliyo safi zaidi," alisema.

"Tulisema wote, mama."

"Wote mliitikia. Aliyesema ni mimi." Maji yalidondoka kwenye pipa. "Na Baba Eliwaza?"

Naetwe alitazama mikono yake. "Sijui. Kweli sijui, mama. Huenda ilikuwa ini lenyewe. Huenda ilikuwa dawa."

"Aliongezewa mara tano. Nilikuwa nashukuru kila inapoongezwa. Nilisema, tazama, mashine haijamkatia tamaa."

Naetwe hakuthubutu kumgusa. Alingoja afukuzwe. Saa ya mkononi ilionyesha saa tatu na dakika arobaini, na aliona aibu kuitazama.

"Elinaja ana muda gani?"

"Mpaka saa nane, mama."

Mama Eliwaza alichomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja mara nne, akanyoosha kingo zake. Kisha akasimama.

"Anza kunichoma nikiwa na njaa. Halafu nitafutie chakula, nyumba hii haina kitu tangu Jumatatu. Na usinihurumie njiani. Nikihurumiwa sasa nitakaa chini, na sitaweza kuinuka tena."

*

Saa nne na nusu, akiwa na njaa, damu ya Mama Eliwaza ilisomeka tisini na tisa. Alikunywa uji vikombe viwili na kula viazi vya Nakunda, amekaa wima kwenye benchi la maabara. Nakunda mwenyewe ndiye aliyemmiminia. Hakuna aliyemuuliza amebadilishaje mawazo.

Saa tano kasorobo, Naetwe alichoma kidole chake mara ya pili. Mia na thelathini na sita.

"Mmoja," alisema Daktari Mbazi.

Mama Eliwaza aliuliza mashine inafanyaje kazi. Naetwe alimwonyesha rangi ya buluu inavyodondoka, na mama yule akavaa miwani, akainama, akauliza tena: rangi inakwenda wapi? Inajuaje nani ana nafasi? Na mafuta ya mwili wenye njaa yana rangi gani? Aliuliza kama msichana wa darasa la kwanza, na Naetwe alimjibu yote aliyoyajua, na pale asipojua alisema hajui.

Saa saba kasoro dakika ishirini walimchoma tena. Mizani ikadondosha, ikangoja. Mia na thelathini na tatu.

Daktari aliketi, akaandika amri, akabonyeza kidole gumba chake kwenye kioo. Huko wodini, kibweta kwenye mkono wa Elinaja kikafunga mlango wake mdogo.

"Sasa tunangoja," alisema. "Dawa iliyokwisha kuingia haitoki upesi. Nitakaa naye mimi mwenyewe, kama kifafa kitakuja."

Kifafa hakikuja Alhamisi. Ijumaa mkono mmoja ulitetemeka kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, Nakunda akapiga kelele hadi bustanini, kisha ukatulia. Jumamosi Elinaja alifungua macho na kuyafunga. Jumapili, kabla ya kengele ya pili, alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Nakunda," alisema, sauti imekauka. "Mbona uko mmoja?"

Nakunda alimpiga kofi la begani, akalia, akampiga jingine.

Ini lake halikuwa limepona, na Daktari aliwaambia wazi kwamba halitapona. Lakini alikuwa ameamka, alijua jina la siku, na alitaka supu yenye chumvi ambayo hakuruhusiwa.

*

Majina kumi na moja mengine yalipatikana kwenye orodha ya wagonjwa wa ini wa Mizani. Wote walipunguziwa dawa wiki ile. Kisha ikabidi mashine ifundishwe upya.

Mama Eliwaza alisimama mbele ya kikundi baada ya ibada. Aliwaambia yote, na la mumewe pia, bila kushusha sauti. Watu wengine walilia. Mzee mmoja alisema huenda ni Mungu aliyetaka iwe hivyo, naye akamjibu kwamba Mungu hakuja kusoma maelekezo ya mafundi, waliokuja kuyasoma ni wao.

"Jumanne," alisema. "Thelathini. Kuleni chakula cha jioni kama siku zote, mlale, mje. Usiku mmoja. Si zaidi."

"Mama, hata siku moja tu ya shukrani tusifunge?" aliuliza dada mmoja wa kwaya.

"Ukifunga, Matuli, nitakutoa kwenye foleni kwa mkono wangu huu. Shukrani utaitoa Jumatano."

Jumanne wote walikuja, wameshiba jana yake, wana aibu kidogo na vicheko vingi. Kufikia mchana Mizani ilikuwa imejifunza mtu wa kawaida ni yupi, na Naetwe alipoipa tone lake ilimwambia mia kamili. Fundi alikuwa tayari amepanda ngazi kukifuta kile kibao cha kuingilia mjini.

Watu walipoondoka, Mama Eliwaza alibaki kwenye benchi, mkoba magotini.

"Naetwe. Nimesikia mnatunza tone la kila mgonjwa kwa miaka mitano."

"Ndiyo, mama. Kwenye friza."

"La kwake lipo?"

"Lipo."

"Na mashine sasa inasoma kweli."

Naetwe aliketi kando yake. "Mama, namba yoyote itakayotoka haitabadilisha kitu. Ikiwa chini kama ya Elinaja, kumbe ni dawa, utaibeba. Ikionyesha ni ini, utajiuliza kama nimekuonea huruma. Naweza kulitupa leo, na hakuna atakayejua kamwe."

Midomo ya Mama Eliwaza ilisogea, na Naetwe alijua anasali, akangoja amalize.

"Niliishi naye miaka arobaini na minne," alisema. "Nilijua anapenda uji wa namna gani, na anakoroma akilalia ubavu upi. Kuhusu kifo chake sijui kitu. Nataka kukijua. Kulia nimeshalia." Akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. "Na ile rangi ya buluu, safari hii nidondoshe mimi."

Naetwe aliinuka, akaenda kufungua friza.